Zipu ya Koti la Bluu

Kila siku akitoka shule, Damari alivua sare, akateka maji bombani na kuwasha jiko la mkaa, ndipo akaruhusiwa kushika simu ya mama yake. Hakuishika kwa kuchezea. Mama yake, Rahabu, aliuza vitunguu sokoni Singida mjini, na alikuwa hodari wa kila jambo la biashara isipokuwa herufi ndogo za simu, ambazo zilimuumiza macho. Kwa hiyo Damari, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyemsomea na kumwandikia ujumbe. Nyumbani kwao Mandewa walimwita katibu, naye cheo hicho alikipenda sana.

Kazi kubwa ya katibu ilikuwa kundi la WhatsApp la akina mama wanaouziana bidhaa. Humo Rahabu aliweka picha za vitunguu vyake, mwingine kuku, mwingine mafuta ya alizeti. Mama Enock wa Iguguno yeye aliweka nguo za mitumba kila alipofungua belo jipya. Mtu akipenda nguo alituma pesa, na nguo ikaletwa kwa basi.

Mwezi wa sita ulipofika, upepo wa Singida ulianza kuuma. Shukuru, mdogo wake Damari, alikuwa na kifua kibovu tangu akiwa mchanga, na baridi ikianza tu alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Koti lake la zamani lilikuwa limeishia viwikoni. Jioni moja Mama Enock akaweka picha ya koti la bluu, zito, lenye kofia, la mtoto wa umri wa Shukuru. Bei ilikuwa shilingi elfu kumi na mbili.

"Msalimie, halafu umuulize kama anaweza kutupunguzia kidogo," Rahabu alisema, huku akimpaka Shukuru dawa kifuani. "Mimi nina elfu kumi."

Damari aliona elfu kumi ni nyingi mno. Alikuwa amefuatana na mama yake mnadani mara nyingi, na alijua jinsi bei inavyoshushwa, maana Rahabu alisifika kwa hilo. Aliinua sketi kutoka kwenye rundo na kusema imepauka, mara vifungo vimelegea, mara rangi kama hii siku hizi anavaa nani. Wauzaji walicheka, wakamwambia leo ameamkia kwao, na mwishowe sketi iliingia kwenye kikapu kwa nusu ya bei. Maneno yote Damari aliyajua kwa moyo. Akaona leo ni zamu yake ya kumshangaza mama.

Akaandika mbele ya kundi zima, bila hata salamu: "Koti lenyewe limepauka. Zipu inaonekana imekufa. Elfu nne, ukikataa baki nalo."

Zipu hakuwa ameiona. Kwenye picha ilikuwa imefichwa na mkunjo. Lakini kwake hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kununulia, basi akayatuma, na kwa kuwa simu ilikuwa ya mama, yakatokea kwa jina na picha ya Rahabu.

Mama Nathan, ambaye alikuwa ameshaandika kwamba koti hilo analitaka kwa ajili ya mwanawe, akajibu kuwa kama zipu imekufa basi, ameghairi. Mwingine akauliza kama zile nguo nyingine nazo ni mbovu. Mama Enock akaandika kwamba zipu ni nzima, akamuuliza Mama Damari ameiona wapi. Damari akamjibu kwa vikatuni vya kucheka. Baada ya hapo Mama Enock hakuandika tena.

Damari alifurahi, kwa sababu mnadani muuzaji akinyamaza ni dalili kwamba bei inakaribia kushuka. Mama alipouliza, alimwambia kwamba mwenye koti bado anafikiria.

Kesho yake Rahabu aliagiza picha ya vitunguu iwekwe kundini. Kwa kawaida akina mama walivigombea. Jioni, akikoroga mboga, akamwambia katibu wake amsomee walioagiza. Damari alianza kusoma, na sauti ikazidi kufifia. Hakuna aliyeagiza. Mmoja aliuliza kama vitunguu hivyo havijaoza ndani. Mwingine alitaka gunia zima kwa elfu nne, akamalizia kwa kusema ukikataa baki navyo. Chini yake wengi walikuwa wamecheka.

Rahabu akaweka mwiko chini. "Hawa si ndio wateja wangu? Nimewakosea nini mpaka wananifanyia hivi?"

Damari angeweza kusema hajui. Simu ilikuwa mkononi mwake, na mama asingehangaika na herufi zile. Lakini alipomtazama aliona uso wa mtu aliyeaibishwa bila kujua kosa lake, na jambo hilo lilimuuma kuliko viboko. Akarudi kwenye ujumbe wa jana, akausoma wote, na vile vikatuni vya kucheka akavitaja.

Rahabu alisema maneno machache ya Kinyaturu, kama kawaida yake akikasirika. Damari alingoja kofi. Badala yake mama alikwenda kwenye kamba, akaanua sweta la shule la Damari na kurudi nalo.

"Wewe ndiye muuzaji," alisema. "Sweta hili limechakaa. Shingo yake imelegea. Sasa niambie, mkono wangu uko wapi?"

"Umelishika sweta, mama."

"Nimeliachia?"

"Hapana, hujaliachia."

"Basi muuzaji wa mnadani haangalii mdomo wangu, anaangalia mkono. Anaona nimeng'ang'ania nguo yake na huku nacheka, anajua nimeipenda. Ule ni utani wetu sisi wawili. Mama Enock ameona nini? Ameona maneno tu, tena ya uongo, tena mbele ya wateja wake wote."

Damari alilia. Aliomba aufute ule ujumbe yaishe, lakini mama alimwambia kwamba waliousoma wameshausoma, na kwamba mambo yaliyoharibikia kundini yatengenezwe kundini. Akamtaka azungumze kwa sauti yake mwenyewe. Damari alirekodi, akafuta, akarekodi tena, mpaka maneno yakakaa sawa.

"Shikamooni mama zangu. Mimi ni Damari. Maneno ya koti niliyaandika mimi, siyo mama. Zipu sikuiona, nilisema vile ili bei ishuke. Mama Enock, naomba unisamehe. Na Mama Nathan ndiye aliyelitaka koti kwanza."

Sentensi ya mwisho hakuambiwa na mtu. Ilimtoka kwa shida, maana Shukuru alikuwa anakohoa chumbani.

Haukupita muda mrefu, Mama Enock akatuma video. Vidole vyake vilikuwa vikiipandisha na kuishusha zipu ya koti la bluu, nayo ilikwenda vizuri kabisa. "Marahaba, mwanangu," sauti yake ilisema. "Tangu jana nimeuza skafu moja tu, na belo hili nililinunua kwa pesa ya ada ya Enock. Uliniumiza sana. Lakini umesema kweli mwenyewe, nami nimekusamehe."

Akina mama wakaanza kuagiza vitunguu, na yule wa gunia zima akamwomba Rahabu radhi. Mama Nathan akalichukua koti la bluu. Wiki hiyo Shukuru alikwenda shule na sweta la Damari, na Damari akatetemeka kwenye upepo bila kulalamika.

Wiki iliyofuata, Mama Enock aliwaandikia wao peke yao. Amepata koti la kahawia, elfu kumi, ila anawaambia mapema kwamba zipu yake inakwama. Damari alipofika kwenye zipu alicheka mpaka mama akauliza kuna nini. Halafu akaandika taratibu, akamsomea mama kabla ya kutuma: "Shikamoo mama. Koti tumelipenda, litamfaa sana Shukuru. Kwa sababu ya zipu, unaweza kutupunguzia kidogo? Kama haiwezekani, tutalichukua kwa bei hiyo hiyo."

Mama Enock alishuka mpaka elfu nane. Koti lilipoletwa na basi, Rahabu alisugua meno ya zipu kwa kipande cha mshumaa, akaivuta juu na chini, na ikaacha kukwama. Shukuru alilivaa papo hapo, akakataa kulivua hata wakati wa kula.

"Kuomba upunguziwe si kosa," Rahabu alimwambia Damari, akiwa bado ameshika kile kipande cha mshumaa. "Mimi nitaomba mpaka nizeeke. Lakini msalimie mtu kwanza, sema kweli, na kasoro ya mali yake umwambie yeye, usiwatangazie wengine. Kwenye simu mkono wako hauonekani, mwanangu. Kwa hiyo andika mpaka auone."