Bendera ya Karavati

Chumba-mwigo kilikuwa kidogo kama choo cha shule, lakini treni nzima ilipita ndani yake. Mtu aliingia, akaketi kwenye kiti cha dereva, akavaa kofia, na papo hapo sakafu ikaanza kutetemeka chini ya miguu yake. Mbele aliona reli mbili zikimjia. Akifunga breki kwa pupa, alisikia harufu ya chuma kilichoungua. Mvua ikinyesha, mabega yake yalihisi baridi. Kitu kimoja tu hakikuwamo, nacho ni abiria. Kampuni ya Mwendo Safi, iliyotengeneza mchezo huo, ilisema abiria wanachafua picha.

Watu milioni nane duniani waliucheza. Walidhani wanajifurahisha tu, lakini kila walipopunguza au kuongeza mwendo, mashine kubwa ya kampuni iliwatazama na kujifunza. Kutokana na mafunzo hayo alizaliwa dereva-akili, yaani ubongo wa mashine ulioendesha treni za kweli bila mtu. Njia iliyopendwa na wachezaji ilipata dereva-akili. Njia ambayo haikuwamo mchezoni haikumpata, na baada ya muda ilifungwa. Hivyo ndivyo Dar es Salaam, mji wa watu milioni ishirini, ulivyoamua watu wake wasafiri vipi: kwa kuuliza ni kipi kinawaburudisha vijana walioketi gizani na kofia kichwani. Na walioamua hivyo waliitwa wataalamu.

Bi Siwema Chilongani alikuwa ameendesha treni ya Pugu kwa miaka thelathini na mmoja. Aliposikia kwamba njia yake haimo mchezoni na itafungwa mwisho wa mwaka, alivaa sare yake ya zamani, akabeba jalada lake, akaenda ofisi za Mwendo Safi kuipendekeza.

Alipokewa na Injinia Lusekelo, kijana mwenye viatu laini na kikombe cha chai ya rangi ya majani mabichi.

"Shikamoo, bibi. Umepotea?"

"Marahaba. Sijapotea. Nimekuja kupendekeza reli."

Lusekelo alitabasamu jinsi watu wanavyomtabasamia mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. "Bibi, watu wanatuletea reli za milimani. Madaraja marefu, theluji. Yako ina nini?"

"Ina watu."

"Watu hatuwaweki."

"Basi ina kona ya Karakata. Ukiingia hapo na mwendo wa kilomita hamsini, unatoka ukiwa umelala ubavu. Na ina mteremko wa Pugu wakati wa manyunyu. Hao madereva wako wa kofia watalia."

Hapo ndipo kijana alipoweka kikombe chini.

Jalada lilikuwa na kila kitu. Ratiba, michoro ya kona, kitabu cha kanuni za reli chenye madoa ya grisi, na kurasa arobaini ambazo Bi Siwema aliandika kwa mkono wake: wapi pa kufunga breki, wapi mbuzi huvuka, wapi jua la asubuhi humpofusha dereva. Aliandika kila kitu isipokuwa jambo moja.

Kati ya Karakata na Vingunguti kuna karavati la zege, mfereji wa maji unaopita chini ya reli. Miaka mingi nyuma mafuriko yalizoa daraja la waenda kwa miguu bondeni, na halikujengwa tena, kwa kuwa wanaojenga madaraja hawaishi bondeni. Watu wa upande ule hawakuweza kufika kituoni. Dereva mmoja akaanza kupunguza mwendo pale karavatini, treni ikatembea kama mtu mzima anayetoka msikitini, na waliomo ndani wakanyoosha mikono kuwavuta waliopo chini. Madereva wote waliomfuata walifanya vivyo hivyo. Hakuna hata mmoja aliyeiandika desturi hiyo kwenye kitabu cha safari, maana kusimama pasipo kituo ni kufukuzwa kazi. Walifundishana kwa mdomo, wakailinda kwa kunyamaza. Bi Siwema, akijaza fomu ya kampuni, alinyamaza kwa mazoea. Kwa dereva wa njia ile, kuliandika karavati ilikuwa sawa na kuwasaliti wenzake.

Njia ilikubaliwa. Mwendo Safi walituma jicho-reli, chombo kinachoruka kikipiga picha za kila jiwe. Walikituma siku ya Jumapili, treni zikiwa zimepumzika, ili watu wasichafue picha. Baada ya miezi mitatu mchezo ulikuwa tayari, na wachezaji wa nchi za mbali, ambao hawangeweza kuionyesha Pugu kwenye ramani, waliisifu sana. "Njia safi," mmoja aliandika. "Haina usumbufu."

Siku dereva-akili alipoanza kazi, Bi Siwema alialikwa. Wakamvisha shada la maua na kumweka kwenye kiti cha mbele, miongoni mwa waheshimiwa waliokuwa wakipanda treni ile kwa mara ya kwanza maishani mwao. Kona ya Karakata ilipitwa kwa ustadi. Bi Siwema akafurahi. Kisha akaliona karavati.

Waliosubiri hapo walikuwa saba. Mbele yao alisimama Nyamizi, muuza vitumbua, ambaye figo zake zilikuwa zimechoka na ambaye mara tatu kwa wiki alipanda hapo kwenda kusafishwa damu. Kwa miaka sita Nyamizi hakupanda bila kumpitishia dereva vitumbua viwili vya moto kwenye karatasi. Asubuhi hiyo pia aliinua karatasi yake, akitabasamu.

Treni haikupunguza. Ndani ya behewa kibao kilionyesha kilomita sabini, na waheshimiwa wakapiga makofi. Bi Siwema aligeuka akaona ule mkono ukiwa bado juu, ukazidi kuwa mdogo, bado juu.

Wiki mbili baadaye alimkuta Nyamizi nyumbani kwake bondeni, amelala, miguu imevimba kama mihogo. Wanawe walikuwa wakimbeba mgongoni kupitia matopeni. Siku nyingine walifika kliniki, siku nyingine walikuta zamu yake imepita.

"Kula kwanza, dada," Nyamizi alisema, akimsogezea sahani. Mwenyewe alikuwa amekatazwa vitu vingi, lakini hakuacha kukaribisha wageni.

"Nilisahau kukuandika, Nyamizi."

"Nani aliwahi kuniandika? Kula."

Bi Siwema alirudi Mwendo Safi. Lusekelo alifungua jalada lake na kulipitia lote.

"Hapa hakuna kituo, bibi."

"Si kituo. Tulikuwa tunapunguza mwendo."

"Kwa idhini ya nani?"

"Hakuna aliyeidhinisha."

"Imeandikwa wapi?"

"Haikuandikwa."

Lusekelo alifungua mikono yake, kama mtu aliyeshinda kesi. "Akili haiwezi kujifunza kitu ambacho hakikuandikwa."

"Mbona sisi tulijifunza?"

Kijana alifunga jalada. Alisema angewauliza wachezaji. Na kweli aliwauliza: je, treni ipunguze mwendo karavatini? Wachezaji tisa kati ya kila kumi walikataa, kwa sababu ingewaharibia muda wao bora. Lusekelo aliyaleta matokeo hayo kwa heshima, kana kwamba ni neno la daktari.

"Mwanangu," Bi Siwema aliuliza, "umewahi kuipanda treni yetu?"

"Mara elfu, bibi."

"Ya kweli."

Lusekelo aliangalia kikombe chake. "Ya kweli ina joto," alisema.

Akiwa njiani kurudi nyumbani, Bi Siwema alikumbuka kile kitabu chenye madoa ya grisi. Alikuwa amekikabidhi yeye mwenyewe, na mashine ilikuwa imekimeza chote. Kanuni ya arobaini na nane ilisema: kitu chochote kikipungwa kwa nguvu mbele ya treni ni amri ya kusimama.

Jumatatu saa kumi na mbili na robo asubuhi alisimama kando ya karavati na khanga nyekundu, Nyamizi na wanawe wakiwa pembeni. Treni ilipotokeza kwenye kona alianza kuipunga kwa mikono yote miwili. Breki zikalia. Treni ikasimama, kichwa chake kikiwa hatua kumi kutoka kwake, kimya, kama ng'ombe asiyejua kwa nini amefungwa kamba. Ndani mtu mmoja akavuta mpini wa dharura, milango ikafunguka. Bwana mmoja wa suti, ambaye hakujuana na yeyote pale, alishuka matopeni na viatu vyake vya ofisini, akamnyanyua Nyamizi kama anayemnyanyua mama yake. Hakuna aliyemwuliza jina.

Bi Siwema alifanya hivyo kila asubuhi. Wiki ya pili Lusekelo akaja mwenyewe, viatu vyake laini vikizama.

"Bibi, unasimamisha treni!"

"Mimi na kiuno hiki? Ni kanuni inayoisimamisha."

"Nitaifuta."

"Ifute. Siku nguzo itakapolala relini na mtu akapunga shati lake bure, barua kwa wafiwa utaiandika wewe, kwa mwandiko wako."

Hakuifuta. Mashine iliendelea kujifunza, maana ilijifunza pia kutoka kwenye treni za kweli. Mwezi wa tatu tangu khanga ianze kupungwa, treni ilianza kupunguza mwendo kabla khanga haijainuliwa, ikasimama sekunde arobaini, ikafungua milango yenyewe. Na kwenye mchezo, pale karavatini, akatokea mwanamke wa makamo mwenye kitambaa chekundu. Hakuna aliyemchora. Mashine ilimweka yenyewe, kwa kuwa bila yeye haikuweza kueleza kwa nini treni inasimama. Alikuwa binadamu pekee katika mchezo mzima. Wachezaji walilalamika kwamba kuna kizee kinachowakatisha raha. Kampuni ilimfuta, mashine ikamrudisha. Kampuni ikamfuta tena, akarudi. Mwisho wataalamu waliochukua miaka kumi kuwaondoa watu kwenye treni walishindwa kumwondoa mmoja, wakamwacha.

Siku moja Bi Siwema aliamka na homa, asiende. Watu wa bondeni walisimama karavatini peke yao, wakiangaliana. Treni ikaja. Ikapunguza. Ikasimama, milango ikafunguka, mikono ikanyooshwa.

Nyamizi alikuwa wa mwisho kupanda. Kwanza alijongea hadi kichwa cha treni, akainua karatasi yenye vitumbua viwili vya moto kuelekea dirisha la dereva, kama alivyofanya miaka sita. Dirisha lilikuwa safi. Nyuma yake palikuwa na taa moja ndogo ya kijani, ikipepesa.

Akabaki ameinua mkono kwa kitambo. Kisha akapanda, akaketi, akavipakata vitumbua vyake mapajani hadi kliniki, na hadi walipofika vilikuwa vimepoa.