Mchanga Ndani ya Grisi

Kila Jumanne na Ijumaa bibi alikwenda hospitali kusafishwa damu, maana figo zake zilikuwa hazifanyi kazi. Mumewe, dereva mstaafu, alimpeleka kwa gari lao kuukuu.

Gari hilo lilikuwa na kelele. Likikata kona ya kulia, gurudumu la mbele hulia ka-ka-ka-ka.

"Mzee, gari linatafuna nini?" bibi aliuliza.

"Uzee tu, mama watoto. Hata mimi magoti yanalia."

Mzee akajitia hamnazo. Chini ya gari alikuwa ameona mpira unaofunika ekseli karibu na gurudumu umepasuka. Alisokomeza grisi, akaufunga kwa waya. Kisha akaanza kupita njia za kuzunguka ili asikate kulia.

Bibi hakuuliza tena. Siku hizi hakuuliza mengi.

Ijumaa moja, katikati ya njia panda, kitu kililia ka! Injini ikanguruma, gia ikaingia, gari halikusogea. Watu wakalisukuma pembeni. Saa ya bibi ya kulazwa kwenye mashine ikapita. Miguu ilikuwa imemvimba, viatu vimembana.

"Nirudishe nyumbani," alisema. "Nimechoka kubebwa kama gunia. Acha tu, Mzee."

Mzee alitoa simu.

Akampigia jirani yao, fundi wa magari, mwanamke waliyemwita Bi Spana. Alimkimbiza bibi hospitali, lakini mashine zote zilikuwa na watu. Bibi alipata nafasi kesho yake, akihema juu juu.

Jumapili Bi Spana aliifungua ekseli. Akampaka Mzee grisi vidoleni.

"Sugua."

"Inakwaruza kama mchanga."

"Ni mchanga. Hii ni jointi ya ekseli. Inapeleka nguvu kwenye gurudumu hata gurudumu likigeuka. Mpira unashika grisi ndani na kuzuia vumbi. Ulipopasuka tu ungekuja kwangu. Ningeisafisha jointi, nikatia grisi mpya na mpira mpya."

"Grisi nilitia."

"Juu ya mchanga, Mzee. Umejitengenezea kinu cha kusaga jointi."

"Na zile kelele?"

"Ikilia kwenye kona, imeshalika. Hapo ni kubadilisha, wala usingoje."

Mzee aliinamisha kichwa. "Niliogopa kuambiwa gari halifai. Ningempeleka na nini?"

"Gari linafaa. Natia jointi mpya. Na mpira wa upande wa pili umeanza kuchanika. Tuubadilishe leo."

Jumanne walifika mapema. Bibi alilala kwenye mashine akitazama ukuta. Ijumaa vilevile. Gari lilikuwa zima. Yeye bado alikuwa mzito wa moyo.

Mwezi ulipokwisha, Jumatatu jioni, Mzee alijilaza chini ya gari kukagua mipira. Akasikia hatua za polepole. Bibi alikuwa ameinama, tochi mkononi, anammulikia.

"Huu mzima," Mzee alisema.

"Na wa pili?"

"Nao mzima. Hakuna grisi iliyoruka."

Bibi akasogeza mwanga karibu.

"Angalia tena," alisema. "Kesho nina safari."