Benchi la Kando ya Geti

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alibandika chai jikoni, akafagia uwanja, kisha akamgongea baba yake mlango. Jina hilo alipewa na shangazi yake msusi, kwa kuwa alianza kuongea mapema na hajanyamaza hadi leo. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea mageti ya chuma. Kwa kawaida alijibu upesi: "Nimeshaamka, polisi wangu!"

Asubuhi moja hakujibu. Chiriku alimkuta ameketi kitandani, jasho linamtiririka, kikohozi kimembana. Siku hizo alikuwa amekonda hadi suruali zake zilimpwaya.

"Baba, umemeza dawa?"

Chiriku alizijua dawa hizo. Baba yake alikuwa amemweleza mwenyewe kwamba ana virusi vya UKIMWI, na kwamba akimeza vidonge vyake kila siku ataishi na kufanya kazi kama watu wengine.

Baba aliinamisha kichwa. "Ziliisha zamani, mwanangu."

"Lakini juzi uliniaga unakwenda kliniki!"

"Sikwenda. Nilikaa tu karakanani."

Chiriku alipandwa na hasira. "Ulinidanganya, baba! Mimi nikidanganya unanigombeza!"

Baba hakukasirika. Alimsimulia yaliyomkuta. Pale kliniki, wanaotumia dawa hizo walikalishwa kwenye benchi lao peke yao, kando ya geti, kila mpita njia awaone. Safari moja alichelewa kwenda kuchukua dawa kwa sababu alikuwa na kazi mbali. Karani wa mapokezi akamfokea mbele za watu: "Dawa mnapewa bure, na bado mnaringa!" Mteja mmoja wa baba alikuwa amesimama papo hapo. Kesho yake mteja huyo akaikataa kazi aliyokuwa ameagiza.

"Nikaapa sirudi tena," alisema baba. "Heri nife na heshima yangu."

"Na mimi je, nitabaki na nani?" Chiriku alifoka, machozi yakimtoka.

Alitoka mbio hadi kwa shangazi yake. Shangazi aliposikia, alimwacha mteja na kichwa kilichosukwa nusu, akajifunga kanga kiunoni. "Kaka yangu afe kwa ajili ya benchi? Twende!"

Walimpitia baba nyumbani, na walipofika kliniki, karani aliwatazama akacheka. "Aa, mtoro karudi! Haya, benchi lako unalijua."

Baba aligeuka aondoke. Shangazi akamdaka mkono. Chiriku ndiye aliyesonga mbele, akamkabili karani.

"Kwa nini baba yangu akae nje? Wagonjwa wa kisukari mbona wamekaa ndani? Wao si wanatumia dawa kila siku pia?"

"We mtoto, nani kakuuliza?"

"Mwache aseme!" alidakia mama mmoja kutoka kwenye benchi. "Wenzetu wangapi hatuwaoni tena hapa? Mnadhani wamepona?"

Kelele zilimtoa daktari chumbani kwake. Alisikiliza kila neno, uso ukambadilika. "Kila nikiuliza kwa nini watu wanaacha dawa, naambiwa ni wazembe," alisema. "Nami nikaamini." Akamwamuru karani ashike upande mmoja wa benchi, yeye mwenyewe akashika wa pili, wakaliingiza ndani. Kisha akamtaka karani amwombe fundi radhi, naye akaomba hadharani, kichwa chini. Tangu siku hiyo wagonjwa wote waliketi pamoja na kuitwa kwa namba.

Baba alipimwa damu na makohozi, kifua kikatibiwa, na baadaye akarudishiwa vidonge vyake. Daktari alimwelekeza kwamba akipata kazi ya mbali aseme mapema, apewe dawa za kumtosha safari nzima. Miezi ilipopita, mwili ulimrudi, na nyundo yake ikasikika tena mtaani.

Siku moja Chiriku alimsindikiza kliniki. Daktari aliwakaribisha wote wawili ndani.

"Fundi," alisema, "ukionewa, sema. Ulinyamaza, ukamdanganya mwanao, na uongo huo ulikaribia kukuua." Kisha akamgeukia Chiriku. "Nawe kumbuka: ukisikia mgonjwa ameacha dawa, usiharakishe kumlaumu. Muulize kwanza nani alimfukuza. Ukishajua, usinyamaze."

"Huyu?" baba aliangua kicheko. "Daktari, huyu kunyamaza hakuwezi hata umlipe!"