Pikipiki Iitwayo Kilima

Winny akitoka shuleni, hakuna aliyemuuliza anakokwenda. Alivua sare, akanywa kikombe cha chai ya maziwa akiwa amesimama, kisha akateremka mbio hadi kwenye karakana ya baba yake, nyuma ya kinu cha posho hapo Chepseon. Kazi yake ilikuwa kupangusa vumbi kwenye pikipiki nne zilizopangwa mlangoni. Alizipangusa kila jioni, na kila jioni zilikuwa nne zile zile, kwa maana hapakuwa na mnunuzi.

Pikipiki hizo ziliitwa Kilima. Zilitengenezwa na baba yake, Kimeli, pamoja na mwenzake Wachira. Injini waliziagiza kutoka nje, lakini fremu, keria ya kubebea mizigo na viti walivikata na kuviunga kwa mikono yao wenyewe. Walizitengeneza kwa ajili ya barabara za huku, ambazo mvua ikinyesha hugeuka tope tupu, na vijito hupita juu ya madaraja bila kuomba ruhusa. Ndiyo maana Wachira alilipandisha bomba la moshi hadi juu, karibu na keria.

"Hii haimezi maji," alimwambia kila aliyepita. "Zile zenu zinakunywa mto mzima!"

Wapita njia walicheka, wakaenda zao. Waendesha bodaboda walikuwa na pikipiki walizozizoea, za kampuni kubwa zenye maduka mjini Kericho, mabango barabarani na spea kila kona. Kimeli alikuwa na kibao kimoja, tena alikiandika mwenyewe kwa rangi iliyobaki. Watu walimwita Injinia, na haikuwa kwa heshima.

"Injinia, hiyo kitu yako ikinifia huko Kedowa, spea nitatoa wapi?" walimuuliza.

"Utanipigia simu. Nitakuja mimi mwenyewe."

"Na ukifa wewe?"

Hapo kicheko kilisikika hadi barabarani. Kimeli naye alicheka kidogo, kisha akarudi ndani.

Lilikuwa limebaki tumaini moja tu. Chama cha bodaboda cha Chepseon kilitaka kuwanunulia wanachama wake pikipiki mpya. Mwenyekiti wao, Omariba, alikuwa amekubali kijana mmoja, Zack, aijaribu Kilima kwa muda akimbebea majani chai jirani mmoja wa akina Winny. Uamuzi ungetolewa Jumatatu. Kilima ikichaguliwa, karakana ingepona. Ikikataliwa, ingefungwa. Kimeli alikwisha kulisema hilo nyumbani wakati wa chakula, na mama yake Winny hakubisha.

Zack aliisifu pikipiki. Ilipanda vilima bila kuhema, na tope halikuisumbua. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, Winny alimsikia baba yake akipiga mluzi.

Jumamosi, Winny alikwenda kumsaidia jirani yao, Kogo Sally, kuchuma majani chai. Huku kwao mwanamke mzee huitwa kogo, hata kama si nyanya yako wa damu. Kogo Sally alikuwa mchumaji hodari. Vidole vyake vilichagua majani mawili na chipukizi, na jani gumu hakuligusa. Lakini siku hizi alichuma akiwa na huzuni, kwa sababu majani yake yalikuwa yamekataliwa mara mbili katika kituo cha kununulia, naye hakujua kwa nini.

Walipojaza gunia, Zack alilifunga kwenye keria ya Kilima akaondoka nalo. Winny na Kogo wakafuata kwa miguu.

Kituoni, karani aliyeitwa Akeyo alilimwaga gunia juu ya meza. Majani ya juu yalikuwa mabichi, yanang'aa. Kisha yakaanguka mengine, yaliyonywea, mekundu, yenye harufu ya mboga zilizopikwa.

"Kogo, tena?" Akeyo alisema. "Unanichanganyia majani ya jana! Nikiona haya tena Jumatatu, nitapeleka jina lako kwa kamati. Hutauza hapa tena."

"Mwanangu, nimechuma leo," Kogo alijibu. "Muulize huyu mtoto. Tulikuwa pamoja."

Macho yote yakamgeukia Winny. Yeye alikuwa ameshika lile gunia tupu, na upande wake mmoja ulikuwa wa moto. Akaitazama Kilima iliyoegeshwa kando. Gunia lilikuwa limeegemea pale pale, kwenye bomba la moshi. Papo hapo akaelewa. Baba yake na Wachira waliijaribu pikipiki kwa magunia ya mahindi, na mahindi hayajali joto. Jani bichi la chai likipata moto huwa jekundu, na likishakuwa jekundu hakuna anayelitaka.

"Tulichuma leo," alisema kwa sauti ndogo.

Hayo tu ndiyo aliyosema. Mengine aliyameza, maana aliikumbuka Jumatatu, akaukumbuka na mluzi wa baba yake. Akeyo alitikisa kichwa. Kogo Sally aliyakusanya majani yake mekundu akayarudisha guniani, na Winny akaona aibu iliyomfanya atamani kukimbia.

Kesho yake kanisani, wanawake waliozoea kuketi na Kogo walijibana kwenye benchi lingine. Mmoja alinong'ona, "Ni yule wa majani ya jana." Kogo aliimba peke yake. Winny alishindwa kuimba hata ubeti mmoja.

Mchana ule alikwenda karakanani. Kimeli na Wachira walikuwa waking'arisha pikipiki kwa ajili ya Jumatatu. Aliwaeleza yote, akilia.

"Kwa nini hukuniambia jana?" Kimeli alifoka.

"Niliogopa hawatanunua, Baba."

Kimeli alitupa kitambaa chini. Alikwenda shambani, akachuma majani, akayatia guniani na kulifunga kwenye keria. Akapanda kilima, akashuka, akapanda tena. Aliporudi na kulifungua, upande mmoja wa majani ulikuwa mwekundu.

Wachira aliyatazama, akafuta uso. "Kimeli, ngoja kesho ipite," alisema. "Wacha wachukue kwanza. Tutarekebisha pole pole, hakuna mtu atajua. Binti yangu Shirley yuko sekondari, anataka karo, wewe unajua."

"Na Kogo?"

"Kogo atavumilia siku mbili, tatu."

"Akeyo amesema kesho, Baba Shirley," Winny alisema.

Kimeli aliketi juu ya mtungi wa mafuta akainamisha kichwa. Winny hakuwahi kumwona baba yake akiwa mnyonge kiasi kile, na alijua kwamba ni maneno yake yaliyomfikisha hapo.

Jumatatu, baada ya masomo, Winny alikimbilia kituoni na sare zake. Baba yake alikuwa amekwisha kufika. Wachumaji walikuwa kwenye foleni, waendesha bodaboda wamekaa juu ya pikipiki zao, na Kogo Sally amesimama nyuma kabisa. Kimeli alifungua gunia alilolileta kwa Kilima, akamwaga majani mezani mbele ya wote.

"Haya nimechuma saa hii," alisema. "Tazameni yalivyo. Kogo Sally hakumdanganya mtu. Pikipiki yangu ndiyo iliyoyachoma majani yake. Tuliipima kwa mahindi, hatukufikiria majani."

Akeyo aliligusa gunia upande wenye joto, kisha akatoka nyuma ya meza na kumshika Kogo mikono yote miwili.

"Kogo, nisamehe. Nilikuaibisha bure."

Kogo Sally alilia bila kujificha. Wale wanawake wa kanisani walitazama chini.

Omariba alishuka kwenye pikipiki yake. "Injinia, nimekuheshimu," alisema. Safari hii jina hilo halikuwa na mzaha. "Lakini nikiwapa watu wangu pikipiki ya kuchoma majani, watanifukuza. Hapa kazi yetu ni majani."

"Tutaliteremsha bomba."

"Na maji je? Si mlilipandisha kwa sababu ya maji?"

Kimeli alianza kukusanya majani yake mezani. Jioni ile ile chama kilichagua pikipiki za kampuni kubwa.

Kimeli na Wachira hawakukata tamaa mara moja. Waliliacha bomba juu, wakalikinga kwa bati maradufu lenye nafasi katikati ya kupitisha hewa. Gunia likafika kituoni likiwa baridi, majani yake mabichi kabisa. Akeyo mwenyewe aliyakagua, akasema hayana kasoro. Lakini habari ya kwanza ilikuwa imekwisha kufika kila soko, na habari ya pili hakuna aliyetaka kuisikiliza. Watu waliipa Kilima jina la Jiko. Zack aliirudisha ile aliyokuwa akiiendesha, akaomba radhi, akajiunga na wenzake.

Wachira alifunga vifaa vyake akarudi kwao Nakuru. Karakana ikafungwa, na Kimeli akaanza kutengeneza, kando ya barabara, pikipiki za kampuni zile zile zilizomshinda. Zake alizifungua moja baada ya nyingine ili auze injini.

Jumamosi moja Winny alimkuta karakanani akiifungua ya mwisho. Akachuchumaa kando yake.

"Baba, ni mimi niliyeifunga karakana?"

Kimeli aliweka chini spana. Hakuharakisha kumbembeleza.

"Sitakudanganya," alisema. "Ungenyamaza, labda wangenunua. Labda leo kungekuwa na kazi hapa. Maneno yako yalituumiza, mimi na Wachira."

Machozi yakamlengalenga Winny.

"Basi ningenyamaza?"

"Hapana. Ungenyamaza, Kogo angekuwa nyumbani sasa, hana pa kuuza majani, na kila mtu anamwita mwongo. Sisi tungekuwa tunakula chakula kinachotokana na aibu yake. Mimi nisingeweza kukimeza." Akampangusa mwanawe uso kwa mkono wenye grisi. "Shika hili, Winny. Usiseme kweli kwa kungoja zawadi. Mara nyingine haileti hata moja, kama unavyoona. Iseme kwa sababu kuna mtu anayeumia ukinyamaza. Na siku nyingine usingoje mpaka Jumapili. Kogo alikaa peke yake kanisani kwa sababu ulichelewa."

"Ndiyo, Baba."

Kimeli akampa spana ndogo na kumwonyesha nati ya kuanzia. Winny aliishika kwa mikono miwili, akakaza meno, na wakaendelea kuifungua Kilima ya mwisho.