Ngazi Zisizo na Watu

Jicho-hesabu lilikuwa kamera ndogo kama limau, lakini likitazama ngazi ya mawe mara moja tu lilijua mawe yale yamekaa hapo miaka mingapi, kidato kipi kimelegea, na maji ya mvua yatapitia wapi. Mji mzima wa Nyamabwe, ule uliojengwa juu ya majabali kando ya ziwa, ulikuwa unapangwa upya kwa picha zake. Upungufu wake ulikuwa mmoja: halikuwa na miguu. Ndiyo maana halmashauri ya mji ikamwajiri Milembe alibebe.

Milembe alikuwa na miaka ishirini na mitatu na cheti cha darasa la saba. Siku ya usaili waombaji wote waliambiwa wakae wautazame ukuta kwa saa nzima. Wengine walichoka, wakaanza kupiga soga. Yeye alipoulizwa ameona nini, akasema ukutani kuna ufa, na sisimizi wanaingia kwa juu wanatokea kwa chini, ila wanaotoka ni wachache kuliko wanaoingia. Akapewa kazi palepale.

Kwa miezi mitatu alipiga picha ngazi za kilima cha Igaka. Alipiga asubuhi, vidato vikiwa na umande, na alipiga jua la saa nane likiwa limelala juu ya mawe kama paka. Alipiga milango, ndoo zilizoachwa, kanga zilizoanikwa kwenye jabali. Siku zile Igaka ilikuwa bado na harufu ya dagaa wa kukaanga, na mtu ukipanda ulisalimiwa kila baada ya vidato kumi.

Lakini Milembe alikuwa na adabu zake. Akiona mtu anakuja, analishusha jicho na kusubiri. Mtu amebeba gunia, jasho linamtoka, utampigaje picha hali hiyo? Nao watu, wakimwona amesimama, walijibana pembeni haraka.

"Tupishe jamani, mtoto yuko kazini!" Saguda, fundi viatu aliyekaa chini ya ngazi, alikuwa akipaza sauti. "Mama wewe, sogeza hicho kichwa, utaharibu mitambo ya serikali!"

Watu wanacheka, wanapita, ngazi inabaki tupu. Ndipo Milembe anapiga.

Mwisho wa mwezi wa tatu Mhandisi Rweyongeza, mkuu wake wa kazi, alimwita ofisini. Alikuwa mtu wa taratibu, anayezungumza kama anayepima maneno kwenye mizani.

"Milembe, picha zako ni nzuri kuliko za mtu yeyote. Ila nataka ujue majibu kabla hujayasikia barabarani." Akamwonyesha kioo ambacho Jicho hutolea majibu yake. Yalikuwa yameandikwa maneno manne: *Watumiaji hakuna. Njia mfu.*

"Mfu vipi, Mhandisi? Pale wanapita watu tangu alfajiri!"

"Jicho linaamini linachoona. Picha mia mbili na kumi na mbili, na hakuna hata mguu mmoja."

Akamweleza yaliyobaki. Jumatatu saa sita mchana Mlamawe angepanda Igaka. Huyo alikuwa mtambo unaotafuna jabali na kulitema likiwa unga. Mahali pa ngazi pangewekwa kipandishi, sinia kubwa linaloelea na kuwachukua watu kutoka chini hadi kileleni kwa muda wa kukohoa tu. Kipandishi hakisimami katikati. Kwa hiyo nyumba za katikati ya kilima zingehamishwa, watu wapelekwe kwenye maghorofa ya ng'ambo.

Milembe alihesabu vidato kichwani. Kwenye kidato cha tisini na nne aliishi Bibi Nyanzobe, aliyemlea tangu mama yake alipofariki.

"Si uandike wewe kwamba watu wapo?"

"Sheria hairuhusu binadamu kuliongezea Jicho neno. Zamani watu waliongopa mno, ndiyo likaundwa. Ila sheria hiyohiyo inasema njia yenye mtumiaji hata mmoja haiguswi mpaka wenyeji waulizwe. Leo ni Ijumaa. Kalete picha."

Habari zilipanda kilima kabla yake. Jumamosi watu walishinda wakifua na kupiga pasi, na Jumapili Igaka yote ilikuwa kwenye ngazi. Lakini nani alikubali kupigwa picha na nguo za kazi? Wanaume walivaa suti za harusi. Akina mama walitoka na vitenge vipya, wakapanga viti na meza kwenye vidato na kuweka maua ya plastiki mezani. Saguda alifunga tai.

"Nipige ubavu huu," akasema, "huu mwingine umefanana na baba mkwe."

Jicho likajibu: *Sherehe. Watumiaji wa njia hakuna.*

Milembe akawaomba wapande kama kawaida. Walipanda wamekaza shingo, macho kwenye kamera, mmoja akajikwaa. *Sherehe*, likasema Jicho. Hadi jua linatua lilikuwa linasema hivyohivyo.

Jumatatu saa tatu asubuhi Mlamawe alishaegeshwa chini ya kilima, ananguruma. Milembe alikaa nyuma ya jabali, jicho mkononi. Bibi Nyanzobe akaja akitoka kusaga unga. Hakujua kama anatazamwa. Alipanda pekupeku, ndala mkononi, debe kichwani. Katikati akashindwa. Akashusha debe, akakaa, miguu ameitupa mbele. Akavua kilemba na kujifutia jasho, na nywele zake nyeupe, ambazo Milembe mwenyewe alikuwa ameziona mara chache tu, zikawa wazi juani. Mdomo ulikuwa wazi, anatafuta pumzi.

Desturi ilimwambia Milembe ageuke. Akabonyeza.

*Mtumiaji mmoja. Mwanamke, mzee. Anapumzika. Njia hai.*

Mlamawe akazimwa. Saguda alirusha kiatu cha mteja hewani kwa furaha.

Ila kulikuwa na kifungu kimoja ambacho Mhandisi hakukitaja: ushahidi lazima uonwe na umma kwa siku thelathini. Jioni hiyohiyo picha ya Bibi Nyanzobe, kubwa kama nyumba, iliwaka kwenye ubao wa sokoni.

Milembe alimkuta bibi ameketi ndani, mlango umerudishwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umeiokoa ngazi, mjukuu wangu. Ahsante." Akakaza fundo la kilemba. "Ungeniambia tu nifunge kilemba."

"Ningekuambia ungekaa vizuri, Bibi. Na ukikaa vizuri, lile jicho halikuoni."

"Basi ni jicho lisilolelewa." Akamtazama mkononi. "Na wewe nilikulea."

Milembe akaliingiza jicho mfukoni.

Wenyeji waliulizwa, wakakataa kuhama, na ngazi za Igaka zipo mpaka leo. Watu wanapanda na kushuka. Lakini anayeifahamu Igaka ya zamani ataona kitu. Hakuna anayekaa tena njiani. Wakichoka wanasimama wima, wanatazama huku na huku kwenye majabali, wanameza pumzi, kisha wanaendelea. Bibi Nyanzobe naye, na magoti yake yale, hupanda vidato vyote tisini na vinne bila kuketi, kilemba kimekazwa, mdomo umefumbwa.