Gari Jekundu na Lita Nne za Maji

Daraja halikuwepo. Fundi aliliona pengo akiwa amebakiza hatua ishirini, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, lakini changarawe ziliteleza chini ya magurudumu na pikapu ikaenda mbele kana kwamba haikuambiwa kitu. Ikatumbukia korongoni kwa pua. Cherehani mbili zilizofungwa nyuma zilikata kamba, zikapita juu ya vichwa vyao na kupasukia kwenye mawe. Kisha pakawa kimya, isipokuwa maji ya rejeta yaliyokuwa yakidondoka na kuungulia kwenye injini.

Wa kwanza kusema alikuwa Mkunga, aliyekaa katikati.

"Nani anatoka damu?"

Fundi alitema jino kiganjani. Kaka yake hakujibu. Kaka huyo alikuwa mshonaji wa nguo, na mtaa mzima ulimwita Sindano kwa sababu ya wembamba wake. Alikuwa ameegemea mlango, macho wazi, na dashibodi ilikuwa imeshuka ikaubana mguu wake wa kulia chini ya goti.

"Naona," Sindano alisema polepole, "mguu huu umeshonwa kinyume."

Iliwachukua saa mbili na jeki moja kumtoa. Mfupa ulikuwa umetokeza. Mkunga alikuwa mke wa Sindano, na alikuwa amezalisha wanawake kwa miaka kumi na tisa, damu haikumtisha. Aliufunga mguu kwa mbao mbili za meza ya cherehani na vipande vya kitambaa cha sare za shule, huku Sindano akiuma mkanda wa suruali yake. Alipomaliza alinawa mikono kwa mchanga. Maji hakuyagusa.

Njia ile aliichagua Fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza magari. Walikuwa wanalihamishia duka la ushonaji mji mwingine, naye alijua kuwa barabara ya zamani ya mgodi ingewapunguzia saa tatu. Hakujua kwamba mafuriko yalikuwa yamekwisha kulichukua daraja, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumwambia. Tangu mgodi ufungwe hakuna aliyekuwa akipita huko. Simu zilikuwa zimepoteza mtandao tangu asubuhi. Maji waliyokuwa nayo ni dumu moja, na ndani yake zilibaki lita saba.

Kama kilomita nne mbele, juu ya kilima, mabati yalikuwa yanametameta.

"Pale pana nyumba," Fundi alisema.

"Pana watu?" Mkunga aliuliza.

"Pana kivuli, shemeji."

Walimbeba kwa turubai lililofungwa kwenye fito mbili. Kila baada ya hatua hamsini walimtua. Jua lilikuwa kali mno, na Sindano, aliyekuwa na maneno mengi mwanzoni, aliacha kusema walipofika nusu ya njia. Fundi alikuwa nyuma, upande wa miguu, kwa hiyo njia nzima aliutazama ule mguu. Alisali. Alisali kwa sauti mpaka Mkunga akamwambia atunze mate yake.

Mji ulikuwa wa barabara moja. Nyumba za wafanyakazi zilisimama mistari miwili, zote sawa, milango imeng'olewa. Palikuwa na ofisi ya mishahara yenye kidirisha kidogo cha vyuma, na mbele yake sakafu ilikuwa imechimbika kwa miguu ya waliopanga foleni. Palikuwa na zahanati yenye kitanda cha chuma kisicho na godoro. Hapo ndipo walipomlaza Sindano, juu ya majora ya kitambaa. Kisima kilikuwa nyuma ya zahanati. Kilikuwa kimefukiwa kwa vifusi hadi mdomoni.

Mkunga alikitazama kwa muda, akageuka.

"Tafuta tangi," alisema. "Nyumba ya bosi haikosi tangi."

Nyumba ya bosi ilikuwa peke yake mwisho wa barabara. Tangi lilikuwepo, limetoboka kwa kutu, na ndani yake mlikuwa na mifupa ya ndege. Pembeni palikuwa na gereji ya mawe. Mlango wake wa chuma, tofauti na milango yote ya mji ule, ulikuwa umefungwa. Fundi alivunja kufuli kwa jiwe.

Ndani kulikuwa na kitu kirefu, kifupi kwa kimo, kimefunikwa turubai lenye vumbi la unene wa kidole. Alilivuta. Alisimama na turubai mkononi kwa muda mrefu kuliko mtu mwenye kiu anavyopaswa kusimama.

Lilikuwa gari la spoti la zamani, jekundu, la viti viwili. Taa zake zilikuwa za mviringo, boneti ndefu imekazwa kwa mikanda miwili ya ngozi, usukani wa mbao. Aliwahi kuliona kwenye kalenda moja iliyoning'inia gereji alikojifunzia kazi, akiwa hata hajaruhusiwa kushika spana. Mwenye gari alikuwa ameliweka kwa mikono ya mtu anayetarajia kurudi: limepandishwa juu ya magogo manne, na plagi zake zimepakwa grisi. Fundi alipitisha kiganja juu ya vumbi la miaka, na rangi chini yake ikang'aa.

"Ee Mungu," alisema, "umetukumbuka."

Hakungoja kujibiwa.

Mkunga alipoitwa kuja kuliona, alilizunguka mara moja.

"Tairi nne," alisema. "Na viti vya sponji. Vikichomwa hivi vitatoa moshi mweusi wa kuonekana barabara kuu. Twende tulisukume nje."

Fundi alicheka, kisha akaona shemeji yake hatanii.

"Tulichome? Shemeji, hili haliwezi kuchomwa. Hili ni la kuwashwa! Kuna betri kwenye pikapu, kuna petroli. Nipe siku moja. Kesho jioni nampakia kaka kiti hiki, saa moja tuko barabara kuu, halafu nakufuata wewe."

"Wewe ndiye uliyesema tutaokoa saa tatu."

Maneno yale yalimwingia. Mkunga aliyaona yakimwingia, akalegea kidogo. Alikuwa amechoka, na alijua kuwa katika ukoo mzima hakuna injini iliyowahi kumshinda shemeji yake.

"Siku moja," alisema. "Kesho jua likizama bila hilo kuwaka, tunalichoma."

Kulipokucha Fundi alirudi korongoni peke yake. Alipanda kilima na betri begani na petroli mkononi, ngozi ya bega imechubuka, ulimi umekauka kama kipande cha soli. Alinyweshwa kikombe kimoja. Sindano alikuwa na homa. Mguu ulikuwa umevimba mpaka vitambaa vimezama nyamani, na chumba kilikuwa kimeanza kunuka.

"Mdogo wangu," Sindano alisema, "nikishakatwa huu, suruali zangu zitakula kitambaa kidogo."

"Acha utani, kaka."

"Nani anatania? Nafanya hesabu ya biashara."

Fundi alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Alimimina oili kwenye silinda, akaizungusha injini kwa mkono, nayo, baada ya kugoma mara kadhaa, ikaachia. Alisafisha kabureta kwa petroli na uzi wa cherehani. Tairi zilizopasuka alizijaza majani makavu. Rejeta aliipuliza kwa mdomo, kiganja kimeziba upande wa pili, na pumzi haikutoka. Bomba la mpira la chini lilikuwa na nyufa; alilizungushia kitambaa tabaka tatu na waya. Alifanya kila kitu sawasawa kwa jinsi alivyofundishwa. Mchana ulipoanza kugeuka, kilikosekana kitu kimoja tu: maji ya rejeta.

Mkunga alikuwa ameteremka bondeni na sufuria, kuchimba mchanga wa mto mkavu. Fundi aliingia zahanati. Kaka yake alikuwa amefumba macho, anahema kwa midomo iliyopasuka. Dumu lilikuwa chini ya kitanda. Zilibaki lita tano.

Alipiga magoti, na akaomba. Lakini lilikuwa ombi la mtu aliyekwisha amua, anayemwambia Mungu atie sahihi tu. Aliacha lita moja kwenye chupa. Nne aliondoka nazo.

Injini iliwaka mara ya tatu. Ilikohoa moshi wa bluu, ikatetemeka, kisha ikanguruma kwa sauti ambayo kuta za mji ule hazikuwa zimeisikia kwa miaka mingi. Fundi alipiga kelele. Alilia na kucheka, akaupiga usukani kofi, akajiona tayari amefika, kaka yake pembeni, upepo usoni. Aliliteremsha kwenye magogo kwa jeki, akalitoa nje polepole hadi katikati ya barabara, tairi zikilalamika.

Mkunga alikuja mbio kutoka bondeni, sufuria ikiwa tupu mkononi.

"Limewaka!" Fundi alimpigia kelele. "Limewaka, shemeji! Nenda kamwandae!"

Yeye hakulitazama gari. Alilitazama dumu jeupe lililolala mlangoni mwa gereji, mfuniko pembeni.

"Maji yako wapi?"

Kabla hajajibu, chini ya boneti kitu kilipasuka kwa mlio mdogo kama wa kitambaa. Mvuke ukatoka pande zote. Ulikuwa mpira wa chini: kwa nje aliufunga, lakini kwa ndani ulikuwa umeoza. Maji yalimwagika barabarani yakiwa na rangi ya kutu na oili, na ardhi ikayanywa. Mkunga alipiga magoti, akatandika kanga yake juu ya tope, akaikamua. Kilichotoka kilinuka petroli. Aliitupa.

Injini ilikata yenyewe.

Mkunga hakumtukana. Fundi alitamani amtukane.

"Sukuma," alisema. "Lifike juu, penye kifusi cha mgodi. Kukipambazuka tunalichoma."

Walisukuma mpaka giza lilipoingia. Alfajiri Fundi mwenyewe alimwaga petroli juu ya viti, akafungua ile mikanda miwili ya ngozi bila kujua kwa nini, akawasha kiberiti. Rangi ilivimba malengelenge, usukani wa mbao ukaanguka, na tairi zilipokolea moshi ulipanda mweusi, mnene, umenyooka angani kwa kuwa hapakuwa na upepo. Alikaa chini akautazama. Ulikuwa moshi mkubwa sana. Ungeweza kupanda juzi.

Ile lita moja iliisha asubuhi hiyo, kijiko kwa kijiko.

Lori la chumvi lilifika jua likiwa limekaribia utosini. Dereva alisema wenzake walidhani ni basi linaungua. Walikata porini kwa kufuata ule moshi, wakapotea mara mbili. Walikuwa na maji mengi. Mkunga alikinga kiganja, akamdondoshea mumewe, na mumewe akameza mara mbili, ya tatu ikarudi.

"Mlikuwa mnakunywa nini siku zote hizi?" dereva aliuliza.

Sindano alifumbua macho. Yalikuwa ya manjano, lakini yalikuwa yake.

"Mke wangu," alisema. "Yale maji. Mimi ndiye nilimruhusu. Alikuja akaniomba, nikamwambia chukua."

Fundi alifungua mdomo. Kaka yake alimtazama kwa mtazamo aliokuwa akimtazama nao walipokuwa wadogo, baba yao akiwa mlangoni na fimbo, naye Sindano akiwahi kusema ni mimi. Fundi akafunga mdomo.

Walimpakia nyuma, juu ya magunia ya chumvi, chini ya turubai. Kutoka barabara kuu hadi hospitali palikuwa na saa mbili. Sindano alikata roho walipobakiza nusu saa. Hakusema lolote la mwisho. Alivuta pumzi, wakangoja nyingine, haikuja. Mkunga aliweka vidole viwili shingoni mwake, akavibakiza hapo muda mrefu, kisha akamfumba macho.

Lori liliendelea kukimbia. Aliye usukani hakuwa amejua.

Fundi alijaribu kusali, na kwa mara ya kwanza tangu daraja, maneno yalikataa. Alielewa kwa nini. Pale magotini pake palikuwa na uongo ambao mtu mwingine alikuwa amemwachia, kwa upendo, na ungeweza kukaa hapo maisha yake yote bila kuulizwa. Angeweza kuzeeka nao. Angeweza hata kuusimulia msibani.

"Shemeji," alisema. "Kaka hakuniruhusu. Alikuwa amelala. Niliyachukua."

Mkunga hakugeuka.

"Najua," alisema. "Nimeishi naye miaka ishirini na moja. Mtu wa kulinywesha gari maji yetu sote nisingeolewa naye."

Lori liliingia shimo, likatoka. Fundi alingoja. Alikuwa tayari kwa kofi, kwa laana, kwa kuambiwa ashuke. Vyote vile vingemfaa.

"Na mimi nilikupa ile siku moja," Mkunga alisema, kana kwamba anaongea na magunia. Kisha akaelekeza kwa kidevu. "Shika kichwa chake. Kinagongagonga."

Fundi alisogea. Alikipakata kichwa cha kaka yake mapajani kwa mikono yote miwili, ile mikono yenye masizi na oili, na kila lori lilipokaribia shimo alikiinua kidogo, mpaka walipofika.