Nyumba ya Erasmo

— Rodrick, nipe ile simu ya majaribio.

— Ya nini sasa? Kaa kwanza upoe.

— Sikai. Nipe simu.

Rodrick akainamia meza yake ya ufundi simu, pale jirani na stendi ya Same, akajifanya anatafuta bisibisi. Careen, msusi wa saluni ya ng'ambo ya barabara, alisimama mlangoni na mafuta ya nywele bado viganjani. Mteja alikuwa amemwacha kitini na kichwa nusu. Gemu lao la kujenga nyumba kwa matofali lilikuwa limefunguka vizuri tu kwenye simu yake, ila dunia aliyoijenga humo marehemu mdogo wake, Erasmo, haikuwamo.

Najua wapo watakaocheka, waseme gemu tu hilo. Wacheke. Erasmo alikijenga humo kijiji chao chote cha Bombo, kule milimani, akiwa kitandani anaumwa: migomba, mfereji, njia ya kanisani, na nyumba ya bati jekundu aliyomwahidi mama yake kwamba atamjengea akipona. Hakupona. Kila Careen alipopanda Bombo, mama hakuulizia sukari wala kitenge. Alisema tu, "Nionyeshe nyumba ya mwanangu."

Asubuhi hiyo grupu la WhatsApp la wapenzi wa gemu hilo lilikuwa linawaka moto. Apdeti mpya ilikuwa imetoka, na modi za zamani, zile nyongeza wanazotengeneza mashabiki wenyewe, zote zimegoma. Mtu akatupia modi mpya.

"Wakuu, hii ni salama kweli? Isije ikatuletea virusi," aliandika Melkizedeki.

"Msiguse mpaka Rodrick apime," Hamidu akajibu.

Ndiyo ilikuwa desturi yao. Rodrick alikuwa na simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka. Kila modi aliiweka humo kwanza, akacheza, akafunga, akafungua tena, ndipo akawaandikia neno moja. Na asubuhi hiyo neno likatoka:

"Safi."

Careen akaiweka bila kusita, na dunia ya Erasmo ikafutika. Usipomwamini mchumba ambaye washenga wake wanapanda kwenu Jumamosi, utamwamini nani?

— Apdeti iliyopita uliinakili dunia ya Erasmo kwenye ile simu, — Careen alisema. — Ukaniambia hata yangu ikiharibika, ya kwako ipo. Umesahau?

— Sijasahau.

— Basi nipe niichukue, mambo yaishe.

Alikuwa karibu kutabasamu, maskini.

— Iko nyumbani.

— Na wewe uko hapa tangu asubuhi. Modi umeipimaje?

Bisibisi Rodrick alikuwa ameshaipata, akawa anaizungusha tu vidoleni.

— Rodrick, simu iko wapi?

— Nimempa mtu.

— Nani?

— Priska.

Careen alimjua Priska. Ni yule dada aliyeingia kwenye grupu juzijuzi, akiuliza swali tu, Rodrick anamjibu kabla mtu hajameza mate.

— Kwa nini umpe?

— Simu yake ilikufa. Akawa hana ya kunipigia.

Neno likamtoka, na halikurudi mdomoni. Wote wawili walilisikia.

— Na dunia ya Erasmo?

— Nilifuta kila kitu kabla ya kumpa. Nilijua ya kwako ipo.

— Halafu leo ukaandika "Safi".

— Watu wote walikuwa wananisubiri, Careen. Ningewaambia nini?

— Ungesema hujapima.

Akarudi saluni, akamalizia kichwa cha mteja huku machozi yakimdondoka kwenye nywele za watu. Ujumbe ukaingia:

"Nisamehe mpenzi. Nitaijenga upya mwenyewe, tofali kwa tofali."

Akajibu: "Utaiga wapi? Aliyeijua amezikwa."

Kesho yake alipanda Bombo. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi, nyingine amezitenga kwa ajili ya wageni wa Jumamosi.

— Shikamoo mama.

— Marahaba mwanangu. Hebu njoo, kabla ya yote nionyeshe nyumba ya mwanangu.

Careen akachuchumaa mbele yake, akamweleza yote, la Priska pia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisu kikiwa kimesimama kwenye ganda.

— Kwa hiyo haipo kabisa?

— Haipo, mama. Niliiweka mwenyewe ile modi. Nilimwamini.

— Nimemzika tena basi, — mama alisema taratibu.

Wakalia pamoja, bila kelele. Kisha mama akajifuta uso kwa khanga.

— Na huyo kijana alijua humo mna nini?

— Alijua. Siku ile alipokuja, wewe mwenyewe ulimwonyesha chumba chako humo kwenye gemu.

— Nilimwonyesha, — mama alisema. — Na dirisha lake nilimwonyesha.

Akazirudisha ndizi za wageni kapuni, moja moja, akalisukuma kapu pembeni.

— Mpigie mshenga. Mwambie wasijisumbue kupanda.

Careen akapiga pale pale, mkono wake mwingine umo ndani ya mkono wa mama.